Watano wa El Paso: Safari ya Kundi la At the Drive-In

Katika pembe ya magharibi kabisa ya jimbo la Texas, mahali ambapo Mto Rio Grande unatenga Marekani na Meksiko, upo mji wa El Paso, mji wa jua kali, vumbi na milima mikavu, ambao wakazi wake walio wengi wana asili ya Meksiko, na ambao ng'ambo ya mto wake, kwa mwendo wa kuvuka daraja kwa miguu, umetanda mji mkubwa zaidi wa Ciudad Juárez. Kutoka El Paso hadi Houston, ulio katika jimbo hilo hilo, ni safari ya kilomita zipatazo 1,200. Kwa hiyo kijana wa huko aliyetaka muziki wake usikiwe na watu hakuwa na budi kupanda gari na kuwafuata walipo. Katika vijana wa namna hiyo ndimo lilimotoka, mwaka 1994, kundi lililojiita At the Drive-In. Habari za kundi hilo, jinsi lilivyoinuka, likavunjika katika kilele cha sifa zake, likarejea, na katika kurejea huko likaachana na mmoja wa waasisi wake, zinastahili kujulikana na kila mpenzi wa muziki, hata yule ambaye kelele za magitaa ya umeme hazimpendezi.

Muziki wao aghalabu huitwa posti-hadikoo, na jina hilo lina nasaba yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika miji ya Washington na Los Angeles, vijana waliokinai muziki wa roki uliokuwa ukipigwa redioni waliuchukua muziki wa panki, wakauzidishia kasi na ukali, hata nyimbo nyingi zikawa hazitimizi dakika mbili. Huo ndio ulioitwa hadikoo. Haikupita miaka mingi, baadhi yao wakatambua kwamba ghadhabu isiyobadili sauti huwachosha mwenye kuitoa na mwenye kuisikia, wakaanza kuipa nafasi ya kuvuta pumzi: mwendo wa wimbo ukawa hupungua na kuongezeka, gitaa moja likaacha kulifuata la pili na badala yake likajibizana nalo, na maneno yaliyokuwa ya kupiga makelele yakakaribia ushairi wa mafumbo. Mfano mkubwa wa njia hiyo ni Fugazi wa Washington, kundi lililoanza kupiga hadharani mwaka 1987, lililojulikana kwa kiingilio cha dola 5 na kwa desturi yake ya kusimamisha wimbo ili kumwonya mtu anayewasukuma wenziwe mbele ya jukwaa, na akishindikana kumrudishia fedha zake na kumtoa nje. Wanamuziki wanne wa Fugazi walidumu pamoja bila mabadiliko hadi walipopumzika kwa muda usiojulikana mwaka 2002. At the Drive-In waliurithi muziki ule na msimamo ule, walakini uthabiti wa watu hawakujaliwa kuupata.

Waasisi wake walikuwa wawili. Wa kwanza ni Jim Ward, mpiga gitaa aliyekuwa hajafikia umri wa miaka 20, kijana wa El Paso, mtu wa mipango na kazi, ambaye akiba yake mwenyewe ndiyo iliyogharimia santuri yao ya kwanza. Wa pili ni Cedric Bixler, ambaye sasa hutumia jina la Bixler-Zavala, mwimbaji mwembamba mwenye sauti ya juu na kali, mzaliwa wa California. Huyu wa pili alikuwa amekwisha kuonja maisha ya muziki akiwa mpiga ngoma katika kundi dogo la El Paso liitwalo Foss, ambalo mpiga besi wake, Beto O'Rourke, baadaye aliingia katika siasa akawa mbunge, na mwaka 2018 akagombea kiti cha useneta wa Texas. Jina la kundi jipya lilikuwa wazo la Ward, na lilitokana na wimbo wa kundi la Poison unaotaja sinema za kutazamiwa garini, kama ile ambayo watu wazima wa Dar es Salaam wanaikumbuka pale Msasani. Onyesho la kwanza lilifanyika Oktoba 1994, na kabla ya mwaka kwisha walikuwa wametoa santuri fupi iliyoitwa Hell Paso.

Miaka miwili iliyofuata ilikuwa ya watu kuingia na kutoka. Kati ya vijana watano waliokuwamo mwanzoni, ni Ward na Bixler-Zavala peke yao waliofika katika santuri ya kwanza ndefu, Acrobatic Tenement, ambayo ilitolewa na kampuni ya jarida la panki la Flipside, la Los Angeles, na ambayo gharama yake ya kurekodi ilikuwa dola 600. Sauti ya santuri hiyo ni kavu, magitaa hayana ule mngurumo ambao msikilizaji wa roki huutarajia, na ngoma zinasikika kana kwamba zinapigwa katika chumba kitupu. Hata hivyo ndani yake amekwisha kuingia mtu ambaye kuja kwake kulibadili hatima ya kundi. Mtu huyo ni Omar Rodríguez-López, mzaliwa wa Puerto Rico aliyekulia El Paso, mpiga ala wa mkono wa kushoto, ambaye wakati huo alipewa gitaa la besi kwa sababu nafasi ya gitaa ilikuwa na watu wawili: Ward na Adam Amparan. Ngoma zilipigwa na Ryan Sawyer.

Hapa sina budi kutaja rai ambayo kwayo nimeishika kalamu. Watu wengi wakisimulia mabadiliko ya wanamuziki katika kundi huyahesabu kuwa ajali, au fitina, au mambo ya pembeni yasiyohusu muziki wenyewe. Katika habari za At the Drive-In sioni hivyo. Kila aliyeingia na kila aliyetoka aliibadili sauti, na santuri zao zikisikilizwa kwa mpangilio wa miaka, msikilizaji makini aweza kutambua kwa masikio yake nani alikuwapo chumbani na nani hakuwapo. Zaidi ya yote aweza kutambua wakati ambao Jim Ward hakuwapo, jambo ambalo katika uhai wote wa kundi lilitokea mara mbili, na kati ya mara hizo mbili zilipita takriban miaka 20.

Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 1997. Baada ya safari ndefu za kuitangaza Acrobatic Tenement, Amparan na Sawyer waliondoka, na Ward naye akajitenga kwa muda. Nafasi ya ngoma ikashikwa na Tony Hajjar, mzaliwa wa Beirut aliyeletwa Marekani utotoni na familia iliyokimbia vita vya Lebanoni. Nafasi ya besi ikashikwa na Paul Hinojos. Rodríguez-López akahamia gitaa, ambalo ndilo lililomfaa. Na mpiga gitaa mwingine, Ben Rodriguez, akajaza pengo la Ward. Watano hao walirekodi santuri fupi ya El Gran Orgo. Nimeisikiliza mara nyingi, nami naiona kuwa kazi njema, yenye nyimbo tamu na laini kuliko zote walizotunga, lakini ina upungufu: magitaa yote mawili yanakubaliana mno. Hakuna anayevuta upande wake.

Ward aliporejea, Ben Rodriguez akaondoka, na hapo ndipo walipopatikana watano ambao dunia inawakumbuka. Santuri yao ya pili ndefu, In/Casino/Out, ilitolewa na kampuni ya Fearless ya California mwaka 1998, chini ya usimamizi wa mtayarishaji Alex Newport, na karibu yote ilirekodiwa kwa kupiga pamoja chumbani kama walivyopiga jukwaani, bila ya kila mtu kurekodiwa peke yake na kuunganishwa baadaye. Uamuzi huo ulikuwa wa busara kubwa. Msikilizaji akitega sikio atamsikia Ward akishika uti wa wimbo kwa mapigo ya gitaa yaliyonyooka, yasiyopotea njia, na kwa sauti ya pili inayopokea maneno pale mwimbaji anapoishiwa pumzi. Na juu ya uti huo atalisikia gitaa la Rodríguez-López likienda upogo, likikwaruza, likilia kwa noti mbili zisizopatana, likinyamaza ghafula mahali lilipotarajiwa, na kurudi mahali lisipotarajiwa. Mmoja anajenga na mwingine anatia nyufa, na Hajjar, ambaye kwa kadiri ya masikio yangu ndiye mwanamuziki hodari kuliko wote watano, anawaweka wote wawili chini ya dari moja. Katika santuri fupi ya Vaya ya mwaka 1999, yenye nyimbo 7, mambo hayo yaliongezewa vinanda vya umeme na miangwi iliyoazimwa katika muziki wa dabu wa Jamaika, nayo ni alama ya kwanza ya njia ambayo wawili kati yao wangeifuata.

Katika miaka hiyo waliishi barabarani. Walisafiri kwa gari lao, mji hadi mji, na sifa zao zikaenea kwa njia ya zamani kuliko zote, nayo ni mtu aliyewaona kumweleza mtu ambaye hakuwaona. Walilolieleza ni hali ya jukwaani. Ipo rekodi ya kipindi cha Jools Holland cha televisheni ya BBC, ya mwaka 2000, ambayo kila anayetaka kufahamu neno hili yampasa aitazame: Bixler-Zavala na Rodríguez-López, wote wawili na nywele zao za kuvimba kama mawingu, wanarukaruka na kujitupa huku na huko kana kwamba sakafu inawaunguza, ilhali Ward amesimama karibu na maikrofoni yake, amekaza mshipa wa shingo, akihakikisha kwamba wimbo unafika mwisho wake ukiwa mzima. Mtazamaji wa haraka humsahau Ward. Asipokuwapo, hapana wimbo wa kujitupia.

Santuri ya Relationship of Command ilitoka Septemba 2000 kwa kampuni ya Grand Royal, mali ya kundi la Beastie Boys. Mtayarishaji wake alikuwa Ross Robinson, ambaye sifa zake zilitokana na makundi mazito kama Korn, Slipknot na Limp Bizkit, na mchanganyaji wa sauti alikuwa Andy Wallace, ambaye ndiye aliyeichanganya Nevermind ya Nirvana. Mkongwe Iggy Pop alialikwa akatia sauti yake humo. Wimbo wa One Armed Scissor uliwafikisha redioni na katika televisheni, na magazeti ya Uingereza na Marekani yakawapamba kwa maneno ambayo hakuna kijana awezaye kuyasikia akabaki katika hali yake. Lakini wimbo ninaoupa daraja ya kwanza ni Invalid Litter Dept., nao unahusu jambo la nyumbani kwao: mauaji ya wanawake wa Ciudad Juárez, wengi wao wasichana maskini na wafanyakazi wa viwanda vya mpakani, ambao tangu mwaka 1993 walikuwa wakitoweka na maiti zao kuokotwa jangwani kwa mamia, huku wakuu wa dola wakikosa ama uwezo ama nia ya kuwatia mkononi wauaji. Katika wimbo huo Bixler-Zavala husimulia badala ya kuimba, kwa sauti ya chini na ya utulivu, na muziki unamsubiri. Kisha kiitikio kinapoingia yale yaliyokuwa yamezuiwa yanafumuka yote kwa pamoja. Vijana waliolala na kuamka wakizitazama taa za Juárez ndio waliopaswa kuutunga wimbo huo, nao walitimiza wajibu wao.

Rodríguez-López amesema waziwazi baadaye kwamba hakuridhika na jinsi santuri ile ilivyochanganywa. Namwelewa, kwa sababu nyufa zake zimesuguliwa na kung'arishwa. Ila siafikiani naye kabisa, kwa kuwa nguvu ya Hajjar haijapata kurekodiwa vizuri zaidi mahali pengine.

Utukufu ulikuja na adha zake. Mwezi wa Novemba mwaka huo gari lao lilipata ajali katika barafu, na kwa rehema ya Mungu wakanusurika. Mwezi wa Januari 2001 walikuwa Australia kwa tamasha la Big Day Out, na tarehe 26 walipopanda jukwaani mjini Sydney walikuta umati mkubwa ukisukumana na kurukiana vichwani. Walikuwa na kanuni waliyoirithi kwa Fugazi na wenziwe, kwamba muziki wao usiwe kisingizio cha wenye nguvu kuwaumiza wanyonge. Wakauomba umati utulie, na umati haukutulia. Baada ya nyimbo tatu tu, Bixler-Zavala, kwa hasira, aliwafananisha watu wale na kondoo, na kundi zima likashuka jukwaani. Wapo waliowacheka na kuwaita wanyonge wasioweza roki. Saa chache baadaye, siku ile ile, katika tamasha lile lile, Limp Bizkit walipokuwa wakipiga, msichana mmoja alibanwa na umati, naye alifariki dunia siku chache baadaye. Sijui hoja iwezayo kusimama mbele ya tukio hilo. Vijana wa El Paso walikuwa na haki.

Hawakudumu hata mwezi mmoja baada ya hapo. Walikwenda Ulaya wakiwa hoi kwa uchovu wa miaka ya safari zisizo na mapumziko, na onyesho lao la mwisho lilikuwa tarehe 21 Februari 2001, katika ukumbi wa Vera, mjini Groningen, Uholanzi. Maonyesho matano yaliyobakia yalifutwa, na mwezi wa Machi ikatangazwa kwamba kundi linapumzika. Sababu iliyotolewa ilikuwa uchovu wa mwili na akili, na ilikuwa sababu ya kweli; lakini chini yake ilikuwapo ikhtilafu ya dhati. Bixler-Zavala alitamani santuri ifuatayo ishabihiane na ile ya kwanza ya Pink Floyd, ya mwaka 1967, yenye ndoto na maajabu. Wengine walitaka kwenda mbele kwa nyimbo zilizonyooka. Mvutano ule ule uliozaa uzuri wa muziki wao ndio uliowatawanya. Grand Royal nayo ilifunga milango yake mwaka huo huo.

Basi kundi moja likawa mawili. Ward, Hinojos na Hajjar waliunda Sparta, na santuri yao ya kwanza, Wiretap Scars, ilitoka mwaka 2002. Bixler-Zavala na Rodríguez-López waliunda The Mars Volta, ambao mwaka 2003 walitoa De-Loused in the Comatorium, kisa kirefu kilichotokana na maisha na kifo cha rafiki yao msanii wa El Paso, Julio Venegas. Mtayarishaji alikuwa Rick Rubin, na besi ilipigwa na Flea wa Red Hot Chili Peppers. Mwezi mmoja kabla ya santuri hiyo kutoka, kundi lilipatwa na msiba: Jeremy Ward, fundi wao wa sauti na binamu yake Jim Ward, alifariki kwa dawa za kulevya. The Mars Volta walipata umaarufu mkubwa kuliko ule wa kundi la awali, na mwaka 2009 wakapewa tuzo ya Grammy. Sparta walibaki na wapenzi wachache lakini waaminifu. Mwenye kuzisikiliza santuri za pande zote mbili ataona kwamba kila upande uliondoka na nusu: Sparta wana uti usio na nyufa, na The Mars Volta, katika saa zao za kujisahau, wana nyufa zisizo na uti.

Wakati huo huo watu wakazidi kupokezana. Mwaka 2005 Hinojos aliwaacha Sparta akahamia The Mars Volta, na nafasi yake akaishika Keeley Davis, aliyetoka katika kundi la Engine Down la Virginia. Jina hilo la Davis tutalikuta tena.

Mwezi wa Januari 2012 watano wale walitangaza kurudi, na Aprili wakapanda jukwaani katika tamasha la Coachella, California. Watu waliosubiri miaka 11 walimwona Rodríguez-López amesimama kwa utulivu, akipiga gitaa bila ya zile hamasa za ujana, na baadhi wakamlaumu. Kumbe mama yake mzazi alikuwa amefariki siku si nyingi kabla ya hapo. Ziara ikaisha bila wimbo mpya hata mmoja.

Mwaka 2016 walitangaza tena ziara, na safari hii santuri mpya. Mwezi wa Machi, kabla ya ziara kuanza, ikaarifiwa kwa maneno machache kwamba Jim Ward hayumo. Aliyeitwa kushika gitaa lake ni Keeley Davis, yule yule aliyeshika nafasi ya Hinojos katika Sparta. Santuri yao, in•ter a•li•a, ilitoka Mei 2017 kwa kampuni ya Rise, miaka 17 baada ya Relationship of Command, nayo imesimamiwa na Rodríguez-López mwenyewe pamoja na Rich Costey. Davis ni mpiga gitaa hodari na hakufanya kosa lolote. Hata hivyo mwenye sikio atagundua yale yale ya mwaka 1997, ijapokuwa kwa sura iliyo kinyume: safari ile hapakuwa na wa kutia ukali, na safari hii kila mtu anatia ukali kwa pamoja, na hakuna anayebaki nyuma kuushika wimbo. Ni santuri yenye juhudi nyingi na kumbukumbu nyingi. Novemba 2018 kundi likapumzika tena, na tangu hapo halijatoa santuri nyingine.

Ward alikuwa amekwisha kuifufua Sparta, na mwaka 2020 akatoa Trust the River. The Mars Volta walirudi mwaka 2022 kwa santuri yenye jina lao, ya nyimbo fupi na zilizotulia kuliko walivyozoewa. Kila mmoja ana kazi yake, na yeyote apendaye maendeleo ya wanamuziki hana sababu ya kuwasikitikia.

Msomaji ambaye hajapata kuwasikia, nami ningependa awasikie, namsihi asianzie Relationship of Command kama wengi wanavyoshauri. Na aanze na In/Casino/Out, asikilize kwa utulivu toka mwanzo hadi mwisho, na safari ya kwanza alifuate gitaa la Ward peke yake. Safari ya pili alifuate la Rodríguez-López. Kisha aende El Gran Orgo na in•ter a•li•a, aamue mwenyewe kama nimesema kweli.